Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (28 Februari 1911 – 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi nchini Uganda. Anajulikana hasa kwa kueleza saratani ya watoto inayoitwa leo limfoma ya Burkitt, na kwa kuonyesha kwamba inaweza kutibiwa kwa dawa.

Maisha

Alizaliwa Enniskillen, mji ulioko sasa Ireland ya Kaskazini. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali. Alianza kusomea uhandisi katika Trinity College, Dublin, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1946 alihamia Uganda, akafanya kazi Lira na baadaye katika Hospitali ya Mulago, Kampala.

Uchunguzi wa saratani

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu Burkitt alikuta mtoto mwingine wa namna hiyo huko Jinja, akaanza kupekua kumbukumbu za wagonjwa. Alichapisha matokeo mwaka 1958.

Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini, wakipitia Tanganyika na kuuliza habari za ugonjwa huo hospitalini. Waliona kwamba unapatikana hasa katika nchi za chini zenye joto na mvua, si katika nyanda za juu zenye baridi. Mazingira ya aina hiyo ni kama yale ya bonde la Kilombero, penye Ifakara na Chita. Baadaye ilijulikana kwamba virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964, vinachangia ugonjwa huo pamoja na malaria.

Matibabu

Upasuaji haukuwaponya watoto hao, na Mulago haikuwa na mashine za mionzi. Burkitt alijaribu dawa kama methotreksati na siklofosfamidi. Uvimbe ulinywea haraka, na baadhi ya watoto walipona kabisa.

Siku hizi baadhi ya matibabu ya limfoma hiyo huongeza doksorubisini, dawa ya kundi la antrasaiklini. Dawa hiyo hujipenyeza kwenye DNA na kuzuia kimeng'enya kinachoikata na kuiunga, hivyo seli ya saratani hufa. Lakini huweza pia kuharibu misuli ya moyo, ambayo seli zake hujirudishia kwa shida sana. Hatari huongezeka kadiri jumla ya dozi inavyoongezeka, na moyo kushindwa kufanya kazi huweza kutokea miaka mingi baada ya kupona. Watoto wako hatarini zaidi. Kwa hiyo madaktari hujumlisha dozi zote na kupima moyo kabla na baada ya matibabu.

Miaka ya mwisho

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza alipata umaarufu mpya kwa kuhimiza watu kula vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki Gloucester.