Mwalimu Walter Rodney, Mtu Aliyetuuliza Tulikotoka



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za watumishi wa Kanisa: maaskofu, wainjilisti, na akina mama waliolea imani katika mitaa yetu. Safari hii twawaletea maisha ya mtu ambaye hakuwa mhubiri, na ambaye mengine aliyoyaandika juu ya Kanisa yatatuuma. Lakini sisi tuliokuwa walimu tuna deni kwake, na dawa ya deni ni kulipa.

Walter Rodney alizaliwa tarehe 23 Machi 1942 katika mji wa Georgetown, nchini Guyana, iliyokuwa wakati huo koloni la Waingereza. Guyana iko Amerika ya Kusini, lakini wengi wa watu wake ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani kulima miwa, na wa Wahindi walioletwa kwa mikataba baada ya utumwa kukomeshwa. Baba yake alikuwa fundi wa nguo, na mama yake pia alishona. Nyumbani hapakuwa na mali, ila mtoto alikuwa na bidii. Kwa kushinda mitihani alifika Chuo Kikuu cha West Indies, Jamaika, na mwaka 1963 alihitimu historia kwa daraja la kwanza.

Kutoka huko alikwenda London kutafuta jambo moja: babu zake walitokaje Afrika? Alijifunza Kireno ili asome mwenyewe barua na hesabu za wafanyabiashara wa Kireno. Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 24, alipata shahada ya udaktari kwa kazi yake juu ya pwani ya Guinea ya Juu, Afrika Magharibi. Alionyesha kwamba biashara ya watumwa haikuchukua watu tu, bali iliharibu na desturi za waliobaki, hata watawala wakageuza mahakama na vita kuwa njia ya kupata watu wa kuuza. Hakuwaficha machifu wa Kiafrika walioshiriki. Alisema kweli pande zote mbili.

Mwaka huo huo wa 1966 alikuja kufundisha Dar es Salaam. Mwaka 1968 alirudi Jamaika, na huko hakutosheka na madarasa ya chuo. Aliwafuata maskini wa Kingston katika vibanda vyao, akaketi nao chini na kuwasimulia historia ya Afrika. Serikali ya huko iliogopa. Mwezi Oktoba 1968, alipokuwa akirejea kutoka mkutano nchini Kanada, alikatazwa kushuka katika ndege. Wanafunzi na wananchi waliandamana, na watu kadhaa walipoteza maisha.

Tanzania ilimpokea tena mwaka 1969, akakaa hadi 1974. Si kwamba daima alipatana na wenyeji wake. Mwaka 1969 gazeti la TANU lilimkemea kwa hotuba kali aliyoitoa. Naye alijibu kwa adabu, akaendelea na kazi. Aliandika juu ya manamba wa mashamba ya mkonge, watu wa namna ya wale wazee wetu waliotoka huku bara kwenda Tanga. Na mwaka 1972 kilitoka kitabu chake mashuhuri, kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoifanya Afrika irudi nyuma. Kilichapishwa London na Dar es Salaam kwa pamoja, na baadaye kikasomwa sana na Wamarekani weusi.

Katika kitabu hicho aliwahesabu wamisionari pamoja na wafanyabiashara na askari kuwa sehemu ya nguvu zilizoleta ukoloni. Hapa ndipo panapouma. Je, tumkatae? Tunakumbuka wamisionari waliotuletea Injili, shule na dawa, na wengine wamezikwa katika ardhi yetu. Tunakumbuka Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali pa soko la watumwa. Lakini ni kweli pia kwamba shirika la uenezaji Injili la Kanisa hilo hilo la Uingereza lilimiliki mashamba ya Codrington katika kisiwa cha Barbados, na watumwa waliyalima. Mwaka 2006 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi kwa dhambi hiyo. Sisi tunaoungama kila Jumapili tusiogope mtu anayetusomea makosa yetu. Tunaweza kumshukuru Mungu kwa Injili, bila kuficha mikono iliyoibeba ilivyokuwa na madoa.

Mwaka 1974 Rodney alirudi kwao kuwa profesa wa historia, lakini serikali ilizuia asipewe kazi. Angeweza kuishi kwa raha katika nchi nyingine, na nafasi zilikuwapo. Alichagua kubaki na mkewe Patricia na watoto wao watatu, akiwasihi watu wa asili ya Afrika na wa asili ya India wasigombanishwe. Tarehe 13 Juni 1980 bomu lililofichwa katika chombo cha redio lililipuka ndani ya gari huko Georgetown, akafa, akiwa na miaka 38. Ndugu yake Donald, aliyekuwa naye, alipona. Tume ya uchunguzi iliyoundwa mwaka 2014 ilitoa taarifa mwaka 2016, ikaona kuwa vyombo vya dola vilihusika.

Mwaka huo wa 1980 sisi tulikuwa chuo cha ualimu. Habari ilipofika, darasa zima lilinyamaza. Baadaye tulijua kwamba mtaalamu huyo mkubwa alikuwa pia ameandika kitabu kidogo cha watoto, juu ya kijana wa Kiafrika aliyevushwa bahari utumwani. Tulijifunza hapo kwamba elimu isiyomfikia mtoto bado haijakamilika.

Wapendwa, Yoshua aliwaamuru Waisraeli kutwaa mawe kumi na mawili kutoka Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake wapate jibu. Hapa Mwankoko wazee wanaoyakumbuka ya zamani wanapungua kila mwaka. Kila mmoja akizikwa kabla ya kuulizwa, jiwe moja limerudi mtoni. Vijana wetu wanaojua kuandika, chukueni daftari, mwende mkaketi miguuni pa bibi na babu zenu: nani alikwenda mkonge, nani alijenga kanisa letu la kwanza, nani alilia na kwa nini. Andikeni yote, matamu na machungu.

Mungu na atupe moyo wa kupenda kweli. Amina.