Buddha alirudia wenzake watano
Kabla awe sanamu ya duka la mapambo, Buddha alikuwa mtu: Siddhartha Gautama, kijana wa ukoo wa watawala, mpakani mwa India na Nepal, miaka kama 2,500 iliyopita. Wanasimulia kuwa akiwa na miaka 29 aliacha raha zote, kisha akajinyima chakula miaka 6 hadi akabaki mifupa. Haikusaidia. Alipoanza kula, wenzake 5 wakamhama.

Msee wa Nakuru anayejifungia kwa keja peke yake ndiyo aache chang'aa, soma hapa. Baada ya kupata mwanga Bodh Gaya, Siddhartha aliwafuata walewale 5 mpaka Sarnath, akawafundisha njia ya kati: si anasa, si kujitesa. Hao ndio walikuwa jumuiya yake ya kwanza. Kanuni ya 5 ya wafuasi wake ni kuepuka vileo. Alitembea na watu hivyo miaka 45, akafa akiwa na 80, wanafunzi wakiwa kando yake.