Itard, Tabibu wa Jeshi Aliyemfunza Mtoto Asiyesema

Ndugu zetu askari bila shaka wamesikia habari za Larrey, tabibu mkubwa wa majeshi ya Napoleon, aliyebuni magari mepesi ya farasi ya kuwaondoa majeruhi vitani. Leo tunapenda kuwasimulia maisha ya mwanafunzi wake mmoja, ambaye sifa yake haikutokana na vita, bali na mtoto mmoja asiyeweza kusema.

Jean Itard alizaliwa mwaka 1774 katika mji mdogo wa Oraison, kusini mwa Ufaransa. Wazee wake walimtaka awe mtu wa biashara. Lakini baada ya Mapinduzi ya 1789 vita vilizuka, na kijana huyo akajikuta katika hospitali ya kijeshi upande wa Toulon, akifunga vidonda vya majeruhi ilhali hakuwahi kusoma uganga. Alijifunza kazi kazini. Larrey alimfundisha, naye akamfuata hadi Val-de-Grâce, hospitali ya jeshi mjini Paris. Karibu na hapo palikuwa na Chuo cha Taifa cha Viziwi, kikamchukua awe tabibu wake.

Mwezi Januari 1800, huko Aveyron, alikamatwa mvulana aliyeishi porini peke yake, umri wake upatao miaka 12. Hakusema neno, na shingoni alikuwa na kovu lililofanana na la kisu. Alipoletwa Paris, Daktari Pinel, bingwa wa magonjwa ya akili, alimpima akatoa hukumu kwamba ni punguani asiyeponyeka. Itard, kijana wa miaka 26, alikataa hukumu hiyo ya mkubwa wake. Alishika kwamba mtoto hakosi akili, amekosa kufundishwa. Wako wataalamu wa leo wanaoona kwamba Pinel hakukosea kabisa, na kwamba huenda mtoto yule alizaliwa na kasoro. Sisi hatuoni kwamba jambo hilo linapunguza thamani ya kazi iliyofuata.

Itard alianza kwa kuchunguza. Alifyatua bastola karibu na mtoto, naye hakushtuka ila kidogo tu. Lakini kokwa ilipopasuliwa, kwa kuwa alipenda kula kokwa, aligeuka mara moja. Basi masikio yalikuwa mazima. Ila hayakuwa yamezoea kusikiliza sauti ya binadamu. Itard alimfunga kitambaa machoni, akampigia ngoma na kengele azitofautishe, kisha akamtamkia irabu, kila irabu ikiwa na kidole chake cha kuinua. Mtoto aliupenda mchezo huo hata akacheka ovyo na kukosa. Mwalimu akaishiwa na subira, akampiga vidole kwa kijiti cha ngoma. Furaha ikatoka, hofu ikaingia, na somo likaharibika.

Kwa kuwa mtoto aligeuka kila aliposikia sauti ya o, aliitwa Victor. Neno alilolitamka vizuri lilikuwa neno la Kifaransa la maziwa, lakini alilitoa baada ya kupewa maziwa, si kwa kuyaomba. Itard akaona kwamba hiyo ni sauti ya furaha, si lugha. Akatumia herufi za kushikwa mkononi. Siku moja, akienda matembezini katika nyumba alikozoea kupewa maziwa, Victor alitia mfukoni zile herufi nne bila kuambiwa na mtu, akazipanga mezani mbele ya wenyeji. Hapo lugha ilikuwa imefanya kazi yake.

Ugumu haukuisha. Akionyeshwa neno kitabu, Victor alileta kile kitabu kimoja alichofundishiwa, wala hakukubali kwamba kitabu kingine nacho ni kitabu. Alipoelewa, akapita mpaka upande wa pili, akachanganya kisu na wembe kwa kuwa vyote hukata. Walimu wa watoto wenye ulemavu wa lugha hukutana na makosa ya namna hii hadi leo.

Hapa tungependa ndugu wa polisi watusikilize. Victor alitoroka, akakamatwa na askari nje ya Paris. Walimuuliza jina, hakujibu. Wakamdhania mzururaji, akawekwa ndani kwa muda wa wiki mbili hivi, mpaka mlezi wake, Mama Guérin, alipokuja kumdai. Alipomwona alizimia, kisha akazinduka na kumrukia kwa furaha. Hatuwalaumu askari wale. Hawakuwa na njia ya kujua. Lakini uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 1997 na Uingereza mwaka 2016 umeonyesha kwamba watoto kama saba katika kila mia wanaoanza shule wana ulemavu wa lugha, wengi wao wakiwa na masikio mazima na sura isiyoonyesha lolote. Mtoto kama huyo akiulizwa maswali matatu kwa mfululizo hunyamaza, au huitikia ndiyo kwa kila jambo. Walimu wao huuliza swali moja fupi, huonyesha kitu au picha, kisha husubiri.

Jaribio moja la Itard lilikuwa kali. Alitaka kujua kama Victor anatambua haki. Siku moja mtoto alifanya kazi zake vyema, naye akamwadhibu kama aliyekosa, akimburuta kumfungia. Victor, aliyezoea kukubali adhabu aliyostahili, alimng'ata mkono. Itard alifurahia maumivu yale.

Baada ya taarifa yake ya pili, ya mwaka 1806, aliacha masomo hayo, akiona kwamba ameshindwa, maana Victor hakupata kusema. Mama Guérin aliendelea kumtunza, na Victor alifariki mwaka 1828. Lakini njia zile alizirithi Séguin, aliyezipeleka Marekani, na baadaye Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Rome mwaka 1907.

Itard mwenyewe alidumu na viziwi. Mwaka 1821 alitoa kitabu kikubwa juu ya magonjwa ya masikio. Alifariki mwaka 1838, akaacha sehemu ya mali yake kwa chuo kile, lianzishwe darasa la kuwaendeleza viziwi waliokwisha kumaliza masomo ya kawaida.