Agnès Sorel: Nani alimpa sumu?

Mfalme Charles wa 7 wa Ufaransa tunamjua sababu ya Jeanne d'Arc. Alikuwa na bibi wa ndoa, Marie d'Anjou, lakini akampenda Agnès Sorel, akazaa naye mabinti watatu. Siku za baridi, Agnès akiwa na mimba, akamfuata mfalme vitani Normandie. Mwezi wa pili 1450 akaharisha sana, akafa. Watu wakasema: sumu! Mwaka 1451 wakamkamata tajiri Jacques Cœur. (Yeye alimkopesha mfalme feza nyingi, deni nalo ni sababu!) Shitaka la sumu halikusimama, lakini mali ikaenda. Mwaka 2005 wataalamu wakapima mabaki ya Agnès: mayai ya minyoo, na zebaki nyingi kupita kiasi. Zebaki ilikuwa dawa ya minyoo. Basi mganga alikosea kipimo, ao mtu alikusudia? Cœur alikwisha kufa, 1456, mbali kule Chios.