Marehemu Nuhu Mbogo na Kiti Asichokikalia

Marehemu Nuhu Mbogo alikuwa mwana wa Kabaka Suna II na nduguye Kabaka Muteesa I. Waislamu wa Buganda walipomtawaza Kalema mwaka 1888, ilionekana kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha kuijibu dua yao. Haikutimia miaka miwili, Kalema akafa kwa ndui hali amekwisha kufukuzwa katika mji wake, na watu waliobaki mpakani mwa Bunyoro wakamfanya Mbogo mkuu wao. Akarithi ufalme usio na nchi.

Mwaka 1892 alisuluhiana na Kapteni Lugard, akashuka Kampala na watu wake, nao wakapewa saza tatu. Mwaka uliofuata ikazuka fitina baina ya Serikali na Waislamu kwa sababu ya Selim Bey, mkuu wa askari wa Kisudani. Mbogo akakamatwa, na katika zile saza ikabaki Butambala peke yake.

Wakati ule njia ya misafara ya kwenda pwani ilikata Busoga ikaelekea kwa Mumia, jirani na Busia na Tororo za leo. Mpaka haukuwapo, nchi hiyo yote ilihesabiwa kuwa Uganda hata mwaka 1902. Selim Bey alifariki njiani, Naivasha. Mbogo alipelekwa Unguja, akakaa uhamishoni mpaka 1895. Nani siku hizo asingesema kuwa mambo yamekwisha?

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya kurejea kwake. Mwaka 1897 Mwanga alikuwa amekimbia, na kitini amewekwa Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Askari wa Kisudani, Waislamu wenzake, wakaasi katika ngome ya Luba huko Busoga, wakataka kumsimamisha Mbogo awe mtawala. Kile alichonyimwa alipokipigania sasa kilimjia mlangoni. Akakikataa, akawatuliza watu wake wasijiunge na maasi. Haifai kumdhania woga mtu aliyekwisha kuongoza vita. Alijua damu ya Waislamu imemwagika kiasi gani, na hakuona kuwa kila mlango ufunguliwao umefunguliwa na Mola.

Mapatano ya 1900 yalimpa paundi 250 kila mwaka na maili za mraba 24, yeye na wafuasi wake, naye akaacha madai yake mengine. Kwa jamaa ya kifalme kilikuwa kitu kidogo. Lakini Waislamu walitulia, na katika miaka iliyofuata Waislamu wa Kiganda, pamoja na Waswahili na Wasudani, waliupeleka Uislamu mashariki, mpaka Mbale na nchi za Bukedi, ambamo Tororo imo.

Mbogo alifariki 1921, naye mwanawe Badru Kakungulu, aliyezaliwa 1907, angali kijana mdogo. Badru ndiye aliyetoa ardhi ya kilima cha Kibuli kwa ajili ya Waislamu. Msikiti wake ulifunguliwa 1951, baba yake akiwa kaburini miaka 30.