Lorraine Hansberry: Televisheni iliyomfungia kabatini ilivyomrudia baada ya kifo

HADI Lorraine Hansberry anafariki dunia kwa saratani ya kongosho Januari 12, 1965, jijini New York, televisheni ya Marekani ilikuwa imekwishamwagiza mchezo, ikaupokea, ikamlipa, kisha ikaufungia kabatini. Alikuwa na umri wa miaka 34 tu. Ilipita takriban robo karne kabla ya chombo hicho hicho kumtengea muda wa karibu saa tatu, na tamthiliya yake mashuhuri, A Raisin in the Sun, ikaonekana sebuleni mwa watazamaji ikiwa na sehemu ambazo hata jukwaani zilikatwa.

Hansberry alizaliwa Mei 19, 1930 mjini Chicago. Baba yake, Carl Hansberry, alikuwa mfanyabiashara wa nyumba na mtu mwenye uwezo. Mwaka 1937 alinunua nyumba katika mtaa wa wazungu, mahali ambapo mikataba ya wenye mali ilipiga marufuku mtu mweusi kuishi. Kundi la watu lilikusanyika nje, mawe yakarushwa, na tofali moja nusura limpate Lorraine, wakati huo binti mdogo wa shule. Mama yake alikuwa akikesha usiku na bastola mkononi akilinda watoto, huku mumewe akihangaika na kesi mahakamani. Mwaka 1940 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliwapa ushindi, ingawa kwa hoja za kiufundi tu. Mikataba yenyewe haikuharamishwa. Mzee Carl alifariki mwaka 1946 akiwa Mexico, alikokuwa akijiandaa kuihamishia familia yake baada ya kukata tamaa na Marekani.

Anayeujua mchezo wa Hansberry atakuwa ameshaona kisa hicho kilikokwenda. Familia ya Younger, maskini wa Chicago, inapata hundi ya bima ya dola 10,000 baada ya kifo cha baba. Mama mzazi, Lena, anataka nyumba. Mwanawe Walter Lee anataka kufungua duka la pombe. Binti yake Beneatha anataka kusomea udaktari. Nyumba inapopatikana katika mtaa wa wazungu, anakuja bwana mmoja mpole, Karl Lindner, kuwaomba wapokee fedha ili wasihamie.

Lakini kabla ya tamthiliya ulikuwapo uandishi wa habari. Hansberry aliacha Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1950, akahamia New York na kujiunga na Freedom, gazeti la Paul Robeson. Huko, mwishoni mwa mwaka 1952, miezi michache tu baada ya Waingereza kutangaza hali ya hatari nchini Kenya, aliandika makala ya kuwatetea Wakikuyu, wakati magazeti mengi ya nchi za Magharibi yakiwaita magaidi. Si ajabu basi kwamba katika tamthiliya yake yumo mwanafunzi wa Kinigeria, Asagai, na kwamba Walter Lee, akiwa amelewa, anamtaja Kenyatta kwa fahari.

Mwaka 1953 aliolewa na Robert Nemiroff. Miaka mitatu baadaye Nemiroff na rafiki yake walitunga wimbo uliouzika vizuri, na fedha hizo zikamwezesha mkewe kuacha vibarua na kukaa mezani kuandika.

Mchezo ulifunguliwa Machi 11, 1959 katika ukumbi wa Ethel Barrymore, Broadway. Lilikuwa jambo jipya kwa mwanamke mweusi kufikisha mchezo wake hapo. Mwongozaji alikuwa Lloyd Richards. Sidney Poitier alikuwa Walter Lee, Claudia McNeil akawa Lena, Ruby Dee akawa Ruth na Diana Sands akawa Beneatha. Lindner aliigizwa na John Fiedler, mtu mwenye sauti nyembamba ambayo baadaye watoto waliizoea kupitia katuni za Winnie the Pooh. Ulioneshwa mara 530.

Filamu ilifuata mwaka 1961, ikiongozwa na Daniel Petrie na kubeba wengi wa waigizaji hao. Hansberry mwenyewe aliandika mswada wake, lakini mandhari nyingi alizoongeza, za kuonesha ubaguzi nje ya kuta za nyumba ile, ziliachwa.

Pigo la televisheni lilikuwa kali zaidi. Mtayarishaji Dore Schary aliandaa kwa ajili ya NBC mfululizo wa michezo kuhusu miaka 100 ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na Hansberry akapewa mada ya utumwa. Aliandika The Drinking Gourd mwaka 1960. Utumwa alioueleza haukuwa wa kubembelezwa. Ulikuwa biashara yenye hesabu zake, iliyomharibu hata mzungu maskini. Mchezo huo haukurushwa.

Nemiroff, ambaye ndoa yake na Hansberry ilivunjika mwaka 1964, aliendelea kuwa mlinzi wa miswada yake. Ndiyo maana toleo la televisheni la Februari 1989, lililorushwa na PBS katika mfululizo wa American Playhouse chini ya uongozaji wa Bill Duke, lilirejesha yaliyokatwa mwaka 1959. Amerudi humo jirani mmbea, Bibi Johnson, aliyeigizwa na Helen Martin, anayeleta habari za nyumba za weusi kulipuliwa kwa mabomu. Bila yeye, mtazamaji angeweza kudhani kuhama kwa akina Younger ni sherehe tu. Akiwapo, anajua wanakokwenda kuna hatari ya kweli. Danny Glover alimwigiza Walter Lee kama mtu aliyechoka kuliko aliyekasirika, na Esther Rolle akawa Lena asiyehitaji kupaza sauti. Lindner? Alikuwa Fiedler yule yule, miaka 30 baadaye, na upole wake ulikuwa bado unatisha.

Mara ya pili ilikuwa Februari 25, 2008, kupitia ABC. Mwongozaji Kenny Leon aliwachukua waigizaji wake wakuu wa Broadway wa mwaka 2004, Phylicia Rashad, Audra McDonald, Sanaa Lathan na mwanamuziki Sean Combs. Paris Qualles aliandika mswada, na Morgan Freeman akasimulia. Fiedler alikuwa amefariki mwaka 2005, hivyo nafasi ya Lindner ikaenda kwa John Stamos. Combs alizidiwa na wanawake waliomzunguka. Rashad na McDonald ndio waliopendekezwa kuwania tuzo za Emmy mwaka huo.