Naftali Temu, Aliyetangulia Kuleta Dhahabu

Safari yangu ya Kisumu ilinifikisha Dunga, ufukweni mwa ziwa, kula sangara. Nikingoja samaki akaangwe, niliwauliza vijana wa meza ya pili: ni nani Mkenya wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki? Wakajibu kwa sauti moja, Kipchoge Keino. Sikuwalaumu. Hata kwetu Mombasa, barazani baada ya sala ya Isha, jibu ni hilo hilo. Kumbe mwenyewe alitoka mkoa wao wa Nyanza, ambao makao yake makuu yalikuwa pale pale Kisumu.

Huyo ni marehemu Naftali Temu. Alizaliwa mwaka 1945 upande wa Nyamira, kwenye vilima vya Wakisii. Ukitoka Kisumu unaliacha ziwa na mashamba ya mpunga ya Ahero, unavuka Sondu, kisha unaanza kupanda. Akawa askari katika jeshi la Kenya.

Wala usidhani, ndugu msomaji, kwamba alianza kwa kushinda. Huko Tokyo mwaka 1964 alikimbia marathoni akamaliza wa 49. Mtu wa 49 hapigiwi picha wala haulizwi jina. Alirudi nyumbani, akarudi mazoezini.

Mwaka 1966 alikwenda Kingston, Jamaika, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Katika maili 6 alikutana na Ron Clarke wa Australia, mshikilia rekodi ya dunia, bingwa ambaye wengi walishindwa hata kumfuata. Temu alimfuata, kisha akamwacha nyuma, akatwaa dhahabu.

Hapa nataka nitue kidogo. Sisi watu wa pwani tuna neno letu: hao wa bara wanashinda kwa sababu wamezaliwa kwenye milima, na sisi hewa yetu nzito, jua kali, basi tusijisumbue. Mimi mwenyewe nimelisema sana, hasa nilipokuwa kijana mvivu wa mazoezi. Lakini Kingston ni mji wa bandari kama Mombasa, na joto lake ni joto hasa. Hakuna mlima uliomsaidia Temu siku ile.

Ni kweli kwamba Mexico, mwaka 1968, mwinuko ulikuwa mkubwa, mita 2,240 hivi juu ya bahari. Tarehe 13 Oktoba zilikimbiwa mita 10,000. Clarke alimaliza wa sita akaanguka, ikabidi apewe oksijeni. Keino naye alikuwa mgonjwa wa tumbo, hakumaliza. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, Mamo Wolde wa Ethiopia alichomoka kama mshale, naye Wolde pia ni mtoto wa milimani! Temu hakubabaika. Alimfukuza hatua kwa hatua, akamkamata katika mita za mwisho kabisa: 29:27.4 kwa 29:28.0. Wa tatu alikuwa Mohammed Gammoudi, Muislamu mwenzetu wa Tunisia. Waafrika watupu.

Siku chache baadaye, katika mita 5,000, Gammoudi alilipa kisasi akachukua dhahabu, Keino fedha, Temu shaba. Na bado Temu akaingia marathoni tarehe 20 Oktoba, akamaliza wa 19. Hesabu mwenyewe kilomita hizo, ndani ya siku nane. Siku hiyo hiyo Keino alishinda mita 1,500, na jina lake likafunika mengine yote.

Baada ya hapo miguu ilianza kuchoka. Edinburgh mwaka 1970 na Munich mwaka 1972 hakufua dafu. Mwaka 1973 akaacha mbio, akapewa na serikali shamba huko kwao, akawa mkulima. Alifariki Nairobi kwa saratani mwezi Machi 2003, akiwa na miaka 57.